Maji ya Saa Tisa na Nusu

Kuna nchi moja, wala haiko mbali, ambayo jina lake sitalitaja kwa sababu lenyewe bado halijazinduliwa. Nasikia liliandikwa kwenye jiwe zuri jeusi, likafunikwa pazia, na pazia hilo hadi leo linasubiri nafasi kwenye ratiba ya Mzinduzi Mkuu. Msiniulize mengi. Mimi nasimulia nilichosimuliwa, tena na watu wenye akili zao timamu.

Katika nchi hiyo kuna sheria moja ambayo kila mtu anaijua hata kama hajawahi kuisoma: kitu kisichozinduliwa hakipo. Daraja likiisha kujengwa linazungushiwa utepe, na watu wanaendelea kuvuka mto kwa miguu, nguo kichwani, hatua kumi kutoka kwenye daraja lenyewe, huku askari akichunga wasije wakaligusa. Kuna wodi ya wazazi ilikaa miaka minne na utepe wake mlangoni. Wanawake wakazidiwa, wakaingilia dirishani, wakajifungulia humo. Watoto hao sasa wako shule, na kwenye vyeti vyao pale penye mahali pa kuzaliwa pameandikwa "Njiani". Hakuna aliyelalamika. Wengine hata wanaona ni heshima.

Mzinduzi Mkuu ndiye mkuu wa nchi. Ana mkasi wa dhahabu unaobebwa na kanali kwenye mto wa mahameli, na nyuma ya kanali yuko luteni aliyebeba mkasi wa akiba. Ni mtu mwenye kazi nyingi, maskini. Vitu vinaisha kutengenezwa kila siku na yeye ana mikono miwili tu.

*

Sasa huko Bonde la Kasumbi, watu wanafuga nguruwe. Neno hilo serikalini halipendwi. Kwenye nyaraka anaandikwa "mnyama husika", ingawa hao hao wanaoandika nyaraka ukiwatafuta Ijumaa baada ya kazi utawakuta nyuma ya soko, mikono ya shati imekunjwa, wanamshughulikia mnyama husika kwa ndizi na pilipili. Lakini hayo ni ya Ijumaa.

Huko ndiko alikozaliwa Dokta Tusekile, na huko ndiko mama yake alikomsomesha kwa nguruwe. Mama Tusekile alikuwa na mtindo wake. Kila jike aliyemzalia watoto wa kuuza alimwita kwa darasa alilolilipia. Darasa la Kwanza alikuwa mpole. Kidato cha Pili alikuwa mkorofi, aliwahi kumng'ata mwinjilisti. Chuo Kikuu alizaa mara saba bila kupumzika, akafa amechoka, na Mama Tusekile alimlilia kwa machozi kabisa. Wa sasa hivi, mweupe mwenye doa jeusi sikio la kushoto, aliitwa Daktari.

Tusekile alipokuwa kidato cha pili, kizibo kiliingia bondeni. Kizibo ni ugonjwa wa bakteria. Nguruwe anapata homa, anatetemeka, halafu anaanguka ubavu na kupiga miguu hewani, na watu wa Kasumbi wakiona hivyo husema "anaogelea". Akianza kuogelea, kesho yake humkuti. Na mtu akimchuna huyo nguruwe huku ana hata mkwaruzo mkononi, naye shingo inakakamaa, homa inampiga wiki mbili, na akijaliwa kupona masikio yake yamekwisha. Ndiyo maana ya jina.

Mama Tusekile alichuna nguruwe wanne wiki hiyo ili nyama isipotee, maana ada ilikuwa humo. Alipona. Kitu cha mwisho alichokisikia duniani ni binti yake akimsomea ripoti ya shule kando ya kitanda: wa tatu kati ya wanafunzi arobaini na mmoja. Baada ya hapo ukitaka kuongea naye ilibidi usimame mbele yake na uinue uso, ayasome maneno mdomoni. Mwenyewe alibaki na sauti kubwa mno, kwa kuwa hakujua tena inafika wapi. Akikusalimia, kijiji kizima kimesalimiwa.

Tusekile aliondoka shuleni na nia moja kichwani, na nia hiyo haikumtoka miaka yote ya chuo. Alitaka kizibo kife.

*

Kazi ilimchukua miaka tisa, katika kituo cha mifugo cha wilaya, jengo la vyumba viwili lenye friji moja na jenereta moja. Aliyemsaidia ni Mzee Hezroni, mlinzi wa friji, mtu aliyeijua friji ile kuliko alivyomjua mkewe. Akisikia inakohoa tu, anatoka mbio kuwasha jenereta.

Alipomaliza, aliitwa mbele ya Kamati ya Taifa ya Vitu Visivyoonekana kwa Macho. Waheshimiwa tisa, chupa tisa za maji, na mwenyekiti mwenye usingizi.

"Dokta, tueleze kwa kifupi," alisema mwenyekiti.

"Nimechukua kirusi kisicho na madhara, mheshimiwa, kinachoishi puani mwa nguruwe..."

"Mnyama husika."

"Puani mwa mnyama husika. Nikakivisha kipande cha gamba la bakteria wa kizibo. Mwili wa mnyama ukikiona unalijua lile gamba. Siku bakteria mwenyewe akija, unamkamata mlangoni."

 Kisha mjumbe mmoja, aliyewahi kuwa mkuu wa polisi, akainua kidole. "Yaani kirusi kimevaa sare ya bakteria?"

"Tunaweza kusema hivyo."

"Kwa kibali cha nani? Maana kuvaa sare isiyo yako, katika nchi hii, ni kifungo cha miezi sita."

Tusekile alidhani ni utani, akatabasamu. Alikuwa peke yake. Suala la sare likapelekwa kwenye kamati ndogo, na kamati ndogo ikakaa nalo miaka mitatu, ikasafiri nalo nchi mbili. Tusekile akaandika barua hadi karani wa masjala akawa anamwita dada. Katika barua ya mwisho aliandika kama alivyomweleza mama yake: mbwa ukimnusisha koti la mwizi, mwizi akija na koti hilo mbwa atabweka, mimi nimetengeneza koti tu, ndani hamna mwizi. Aliambatanisha matokeo. Nguruwe arobaini walichanjwa, wakaletewa kizibo, na thelathini na tisa walibaki wamesimama wanadai chakula.

Jibu likaja, mistari miwili. Kamati haina pingamizi na koti. Hata hivyo Dokta anakumbushwa kwamba chanjo hiyo haipo mpaka itakapozinduliwa.

Na mwezi huo huo, kata ya jirani na Kasumbi, nguruwe wakaanza kuogelea.

*

Bahati, kama ni bahati, nafasi ilipatikana kwenye ratiba. Mheshimiwa alikuwa azindue mnara wa saa mahali fulani, mnara ukaanguka. Mkurugenzi wa Itifaki, Bwana Kapungu, akaja Kasumbi kukagua uwanja. Alikuwa mtu mwembamba, mstaarabu, mwenye peni nne mfukoni, na kila sentensi yake ilianza na heshima.

"Dokta, nakuheshimu sana. Sherehe itafanyika hapa hapa bondeni. Wananchi wa hapa ni wasikivu."

"Wengi wao ni viziwi, Bwana Kapungu."

"Ndiyo hivyo. Hawazomei." Akaandika kitu. "Sasa, vichupa vyote mia sita viwe mezani saa mbili asubuhi, chini ya kitambaa. Mheshimiwa anafika saa tisa alasiri."

Tusekile alihesabu kwa vidole. "Saa saba nzima juani? Bwana Kapungu, hiki ni kirusi hai. Kikipata joto kinakufa. Kikifa, humo ndani yanabaki maji. Niruhusu niviweke kwenye kasha la barafu, mezani hapo hapo."

"Nakuheshimu sana, Dokta, ila Mheshimiwa hawezi kuzindua kasha. Ataonekana anauza samaki."

"Basi nivilete akishafika."

"Kitu kinachozinduliwa hakimkuti Mheshimiwa amekaa. Kinamsubiri." Akamtazama kwa huruma ya kweli, kama daktari anayekwambia mguu utakatwa. "Hii nchi ina utaratibu, Dokta."

Tusekile alirudi kituoni hajui alivyofika. Mzee Hezroni alimsikiliza hadi mwisho, akaipapasa friji mgongoni, kisha akasema, "Dada, wao wanataka vichupa. Wapelekee vichupa."

Ndivyo walivyofanya, na msiwacheke, maana hata mimi ningefanya vile. Walichukua vichupa mia sita vitupu, wakajaza maji yaliyochemshwa na tone la maziwa ya kopo ili yawe na ukungu kidogo, wakabandika lebo zile zile. Chanjo yenyewe ikabaki kwenye friji, salama, pamoja na kichupa kimoja chenye kifuniko chekundu, cha kirusi mama ambacho chanjo yote ilizaliwa kutoka humo. Mpango ulikuwa mwepesi. Mheshimiwa akate utepe wake aende zake, na kesho yake asubuhi Tusekile abebe chanjo ya kweli kwenye kasha la barafu, aanzie bandani kwa mama yake. Daktari alikuwa amezaa watoto kumi, wana wiki nne. Umri ule ndio kizibo kinaupenda.

*

Siku ilifika, na jua lake. Bwana Kapungu alikuwa amewaza kila kitu. Kwa kuwa wananchi hawasikii, alimweka mtu na bendera jukwaani: ya kijani, makofi, ya njano, vigelegele, nyekundu, kunyamaza. Ile nyekundu haikutumika.

Saa tisa na robo Mzinduzi Mkuu alisimama.

"Ndugu wananchi! Wapo waliosema haiwezekani. Mimi sikuwasikiliza!" Kijani. "Nchi nyingine zina virusi vinavyozurura mitaani vikiua watu. Sisi virusi vyetu tumevipa ajira!" Njano, na bonde lote likalia vigelegele ambavyo waliopiga hawakuvisikia. "Kuanzia leo mnyama husika atatembea kifua mbele! Nimeliona jambo hili kwa maono yangu mwenyewe, miaka kumi na miwili iliyopita, nikiwa naoga!"

Tusekile, aliyekuwa safu ya tatu nyuma ya wake wa mawaziri, alijaribu kukumbuka yeye alikuwa wapi siku hiyo Mheshimiwa akioga. Hakukumbuka.

Saa tisa na nusu kamili utepe ulikatwa na kitambaa kikaondolewa. Palepale vijana sita wa Itifaki wakapita wakibandika kila kichupa nembo ndogo ya dhahabu. Hili Tusekile hakuwa amelijua. Na kabla hajalitafakari, akasikia jina lake kwenye kipaza sauti.

"...na mvumbuzi wetu sasa atamchanja mnyama wa kwanza, ambaye ni mali ya mama yake mzazi!"

Walikuwa wamemleta Daktari jukwaani. Ameogeshwa, amefungwa utepe shingoni, na watoto wake kumi kwenye kitoroli kilichopambwa maua ya karatasi. Mama Tusekile alikuwa pembeni yao amevaa kitenge ambacho alikitoa sandukuni mara ya mwisho siku binti yake alipohitimu. Alikuwa anatabasamu kwa meno yote. Bwana Kapungu akaweka bomba la sindano mkononi mwa Tusekile, limeshajazwa kutoka kwenye kichupa chenye dhahabu.

Kama angesema, angesema pale. Alikuwa na kipaza sauti hatua mbili kutoka mdomoni. Lakini kumfanya Mzinduzi Mkuu azindue maji ni kosa ambalo hata halina jina kwenye vitabu, na kesho ilikuwa kesho tu, saa chache. Kesho nitarekebisha, alijiambia. Kesho asubuhi na mapema. Akainama, akamshika Daktari nyuma ya sikio lenye doa, akamchoma. Akawachoma watoto wote kumi, mmoja mmoja, kwa uangalifu kama vile ndani mna kitu.

"Asante, baba!" Mama Tusekile alimwambia Mzinduzi Mkuu, kwa sauti yake ile, na vipaza sauti vikapiga mluzi. "Huyu Daktari! Na huyu Daktari!" Akawaonyesha kwa kidole, nguruwe wake na binti yake. Watu wote walicheka, hata kanali.

*

Asubuhi yake Tusekile alipofika kituoni na kasha la barafu, friji ilikuwa wazi. Mzee Hezroni alikuwa amekaa chini ukutani, mikono kichwani. Bwana Kapungu alikuwa uani na watu watatu wenye madaftari, na mbele yao pipa la chuma lilikuwa linawaka.

"Dokta, nakuheshimu sana, na ninakupa pole," alisema Bwana Kapungu. "Tumekuta chanjo bandia mia sita humu ndani. Hazina nembo. Kuna mtu anataka kukuharibia jina."

Tusekile alikimbilia lile pipa. Vichupa vilikuwa vinapasuka kimoja kimoja, vikilia kama bisi. Alitia mkono, akautoa, akautia tena. Wale wenye madaftari walimshika. Alikuwa anauliza kitu kimoja tu, kama kile kichupa chenye kifuniko chekundu kilikuwa humo. Mmoja wao akaangalia orodha yake. Kilikuwemo. Kilikuwa namba moja.

Hapo ndipo aliposema. Alimvuta Bwana Kapungu nyuma ya jenereta, akamweleza yote: maji, maziwa ya kopo, lebo. Alimwambia alichokichoma jana ni bilauri ya maji iliyogawanywa mara mia sita. Bwana Kapungu alisikiliza vizuri sana, akitikisa kichwa. Alikuwa na masikio mazima, tena makubwa.

"Sawa," alisema mwishowe. "Ilikuwa maji. Sikatai."

"Basi tuwaambie watu!"

"Ilikuwa maji mpaka saa tisa na nusu, Dokta. Saa tisa na nusu Mheshimiwa amezindua. Baada ya hapo ni chanjo." Akashusha sauti. "Wewe unafikiri ningefanyaje? Niende nikamwambie nini? Mimi nina familia. Na baba yangu mzazi, kama hujui, anafuga Kasumbi juu kule, nguruwe wanane." Peni moja ilianguka, akaiokota, akaifuta. "Leo wanachanjwa. Naomba Mungu iwe chanjo."

Akampa fomu. Ilisema kwamba mvumbuzi anathibitisha. Tusekile alitazama mkono wake ulioungua, akaitazama fomu, akamfikiria Mzee Hezroni ambaye angefungwa naye. Akasaini kwa mkono wa kushoto.

*

Vichupa vyenye dhahabu vilizungushwa bondeni siku tatu, na kila nguruwe aliyechomwa alipewa hereni ya bluu. Watu walifurahi. Kwa kuwa kizibo sasa kimekwisha, hawakuona tena haja ya kuogopa nyama wala kujifunga mifuko ya plastiki mikononi wakichuna.

Tusekile alijifungia kituoni na Mzee Hezroni. Walikwangua mabomba ya zamani, mifuniko, hata barafu ya ukutani mwa friji, wakitafuta hata chembe ya kile kirusi iliyobaki hai. Hakuna kilichoota. Mama yake alipenda kuandika ujumbe kwenye simu, na kila asubuhi uliingia mmoja. "Wote wazima. Daktari anakula." Tusekile alijibu, "Vizuri mama." Siku ya tano: "Wote wazima. Yule mdogo kaiba ndizi." Alijibu, "Vizuri mama." Mara ngapi alianza kuandika kitu kingine akafuta! Alikuwa anajiambia kwamba huenda kizibo hakitafika. Kuna miaka kinaishia kata ya jirani.

Siku ya kumi na nane, saa moja asubuhi, simu ilitetemeka mezani. "Wawili wanaogelea."

Huko bondeni mambo yalikwenda haraka. Walianza watoto, kisha majike. Nyuma ya nguruwe wakafuata waliochuna. Kwaya ya kanisa la Kasumbi ilipoteza besi yote, wanaume saba, kwa kuwa besi ndio waliokuwa wachinjaji. Wawili walizikwa. Watano wanaendelea kwenda mazoezini, wanasimama mstari wa nyuma wakitazama midomo ya wenzao, na kiongozi wa kwaya hana moyo wa kuwaambia wakae.

Serikali, msije mkasema ililala. Ilileta katapila, ikachimba shimo refu, pana, zuri kabisa, kwa ajili ya mizoga. Likaitwa Shimo la Taifa la Mnyama Husika. Kisha likazungushiwa utepe. Mizoga ikapangwa kando yake, kwenye jua, ikisubiri. Na ripoti ya wizara ilipotoka ilikuwa nzuri mno: wanyama husika waliochanjwa, mia sita, waliokufa, hakuna. Mtu mmoja mdadisi akauliza inakuwaje hakuna. Akajibiwa kwamba mnyama anahesabiwa amekufa akishazikwa, na shimo halijazinduliwa.

Tusekile alipewa nishani. Barua ilieleza kwamba ataivaa pindi itakapozinduliwa.

*

Tusekile alifika kwa mama yake siku chache baada ya ujumbe ule, saa sita mchana. Alimkuta amesimama kando ya shimo na kitoroli kile kile cha sherehe, kina mabaki ya maua ya karatasi. Juu yake walilala watoto kumi, kila mmoja na hereni yake ya bluu. Daktari alikuwa chini kwenye gunia, amefungwa kamba miguuni, tumbo limeanza kuvimba. Mgambo wa kulinda utepe hakuwepo. Alikuwa kwao, anamuuguza kaka yake.

"Siku ya tatu leo!" alisema Mama Tusekile, badala ya salamu. "Wanasema tungoje mkasi. Mbwa hawangoji!"

Tusekile alikuwa na glovu jozi moja tu mfukoni. Alichukua mikono ya mama yake, akamvisha, kidole kwa kidole. Mama yake aliiona ngozi iliyoungua kwenye mkono wa kulia, akaigeuza, akaitazama muda.  Kisha akatoa kiunoni kisu chake cha kukatia majani ya viazi, akausogelea utepe wa taifa, akaukata kwa mkato mmoja.

"Haya," alisema. "Nimezindua."

Walishusha watoto wa nguruwe mmoja baada ya mwingine, Mama Tusekile akitoa hereni kila sikio na kuiweka mfukoni mwa kitenge, sijui ya nini. Alibaki Daktari. Walikaa kwanza ukingoni kupumua, kwa maana alikuwa mzito. Bonde lilikuwa kimya. Hata vibanda vya jirani havikuwa na mlio.

"Ilikuwa maji, mama," Tusekile alisema. Aliuambia udongo ulio kati ya miguu yake.

Mama yake aliona mabega yakitikisika. Aliuweka kando mkono wenye glovu, akamgusa goti kwa kiwiko ili asimchafue. "Sijaona," alisema. "Inua uso."

 Aliinua uso, akauelekeza kwenye mwanga, kama alivyofundishwa na huyo huyo mama tangu akiwa na miaka kumi na tano, akasema polepole, kila neno na nafasi yake. "Ilikuwa maji. Siku ile ya sherehe. Chanjo niliificha, wakaichoma moto. Nilipomchoma Daktari nilikuwa najua. Nilikuwa najua siku zote ulizoniandikia. Nisamehe, mama. Niliogopa."

Midomo ilinyamaza lakini Mama Tusekile aliendelea kuitazama, kana kwamba kuna neno moja lilikuwa limebaki nyuma. Halafu akatazama ng'ambo, kule kwenye nyumba za wanakwaya.

"Siku ile nilikuona uso," alisema, kwa sauti ile isiyojua kipimo, na yeyote aliyebaki na sikio Kasumbi alisikia. "Nikasema moyoni, mwanangu anaogopa kamera. Nikakucheka."

Tusekile alikuwa analia sasa, waziwazi, bila kujifunika. Alikuwa anataka kupigwa. Alikuwa anataka mama yake asimame aondoke, au amwite muuaji, au amkumbatie, chochote. Mama Tusekile aliinuka, magoti yakamsumbua, akashikilia kitoroli. Aliinama akatoa hereni ya bluu kwenye sikio lenye doa jeusi. Akaiweka na zile nyingine.

"Nimesikia," alisema. Kisha akaichukua ncha moja ya kamba, akamsukumia binti yake ile ya pili kwa mguu. "Shika upande wako."